Asiyekubali kushindwa si mshindani? Ngoja kwanza

Wiki hii methali ile imerushwa tena. Mtu alikuwa anahoji matokeo ya uchaguzi, jamaa mmoja akamziba mdomo: "Asiyekubali kushindwa si mshindani." Watu wakacheka, mjadala ukafa. Methali nzuri sana, ila walioitunga walikuwa wanashindana kweli.

Tunapenda kusema uchaguzi ni wa kumpata mshindi. Mshindi hana shida jamani! Yeye ataridhika hata kura zikihesabiwa gizani. Wa kuridhishwa ni aliyeshindwa na umati ulio nyuma yake, ili usiku ule warudi makwao bila kuokota jiwe.

Niliwahi kuwa wakala wa mgombea. Tulihesabu usiku, kwa tochi za simu, kila karatasi ikiinuliwa tuione wote na kutajwa kwa sauti. Moja ilikuwa na alama katikati ya visanduku viwili. Tuliibishania dakika kumi nzima kabla ya kuitupia kwenye zilizoharibika. Mgombea wangu akaangushwa vibaya. Nikasaini fomu, nakala ikabandikwa mlangoni, nikaenda kulala. Roho iliniuma, lakini ningesema nini? Kura nimeziona kwa macho yangu.

Sasa tazama Malawi. Mei 2019 rais Peter Mutharika alitangazwa mshindi, mpinzani wake Lazarus Chakwera akagoma kukubali. Kwa methali yetu, huyo si mshindani. Kumbe kuna fomu za matokeo zilizopakwa wino mweupe wa kufutia, tarakimu nyingine zikaandikwa juu yake. Februari 2020 mahakama ikafuta uchaguzi wa rais, Juni ukarudiwa, Chakwera akashinda. Mwaka 2025 wakakutana tena, safari hii yeye ndiye rais, akabwagwa. Chama chake kililalamika kwanza, sawa. Lakini kabla hata matokeo rasmi hayajasomwa, mwenyewe akajitokeza na kukubali. Mtu yule yule! Mniambie basi, alikuwa mshindani au hakuwa?

Wapo wanaolia "nimeibiwa" kila msimu hata wakipata kura za ukoo wao tu, nawajua. Na ndiyo, uchaguzi wa haki unaweza kumpa kiti mtu wa ovyo kabisa. Afadhali huyo, siku yake ya kuondoka inajulikana.

Ila Liberia, 1927, rais Charles King alipewa kura zaidi ya 200,000 katika nchi yenye wapiga kura wapatao 15,000. Nenda kamsomee mpinzani wake methali.

Yule jamaa nilimuuliza: timu yako ikicheza, refa akawa kapteni wa wapinzani, utakubali matokeo? Akanikazia macho kama nimemtukana. "Usichanganye mambo," akasema. "Mpira una sheria zake."