Maharage 400, Majibu Manane: Kufundisha Jinsi Wanyamapori Wanavyohesabiwa

Mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu, kwao ni upande wa Idodi, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, aliwahi kuniuliza swali lililonisimamisha ubaoni: "Mwalimu, unasema tembo wamepungua. Mbona kwetu mwaka huu wameingia shambani mara tatu?" Wenzake walicheka. Yeye hakucheka, maana mahindi yaliyoliwa yalikuwa ya mama yake.

Siku hiyo tulikuwa kwenye mada ya kukadiria idadi ya wanyama kwa njia ya kukamata, kutia alama na kukamata tena. Unawakamata wanyama kadhaa, unawatia alama na kuwaachia wachanganyike na wenzao. Baada ya siku chache unakamata tena na kuangalia wangapi wana alama. Zidisha waliokamatwa mara ya kwanza kwa waliokamatwa mara ya pili, gawanya kwa wenye alama, na umepata makadirio ya wote. C.G. Johannes Petersen wa Denmark alianza kutia alama samaki kwa mtindo huu mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1930 Frederick Lincoln wa Marekani akaitumia hesabu yenyewe kwa bata. Mwanafunzi wa kawaida huikariri kanuni hii kwa dakika tano.

Walimu tunagawanyika kuhusu kinachofuata. Je, tuishie kwenye kanuni, au tumwoneshe mwanafunzi pia jinsi jibu linavyoyumba?

Wanaosema tuishie hapo wana hoja. Kipindi ni dakika 40 na darasa lina wanafunzi 70. Kwetu Tanzania somo lenyewe hufundishwa kwa Kiingereza, kwa hiyo nusu ya kipindi inaishia kwenye kueleza maneno. Swali la mtihani nalo hutoa namba tatu na kutaka jibu moja. Mwalimu anayepimwa kwa matokeo ya mtihani hana sababu ya kutumia vipindi viwili vya ziada kwa jambo lisilo na alama.

Hoja yao ya pili ndiyo nzito zaidi, na imewahi kuninyima usingizi. Wanasema ukimwambia kijana kwamba hesabu ya wataalamu inaweza kupotoka, umemfundisha kutowaamini. Katika vijiji ambako watu na tembo tayari wana ugomvi, neno hilo litafika nyumbani kabla ya daftari: "Hata mwalimu kasema wale wanakisia tu."

Lakini Kiswahili kimetupa maneno mawili hapa, kukisia na kukadiria, na sioni sababu ya kuyaacha yalale. Anayekisia hana la kukuonesha zaidi ya kichwa chake. Anayekadiria anakuonesha sampuli, njia aliyopita, na jibu lake linaweza kuwa limekosea kwa kiasi gani. Mwanafunzi aliyeishia kwenye kanuni hawezi kuwatofautisha watu hawa wawili, kwa sababu tumempa namba moja tupu, sawasawa na ambayo angepewa na mtu anayekisia.

Nilijaribu njia nyingine kwa robo kilo ya maharage. Nilihesabu maharage 400, nikatia wino mweusi kwenye 40, nikayachanganya yote kwenye mfuko. Makundi manane yalipokezana: kila kundi lichote 50 bila kuangalia, lihesabu yenye wino, liyarudishe na kuchanganya. Kundi la kwanza lilipata matano yenye alama, jibu likawa 400. La pili lilipata manne, wakaandika 500. La tatu manane, 250. Kundi moja lilipata matatu tu, na jibu lao la 667 lilipotua ubaoni walianza kulaumiana kwamba kuna aliyechungulia. Msichana mmoja alinyanyuka akachukua kifutio.

Nilimzuia. Hakuna aliyekosea, mfuko ulikuwa mmoja na kanuni ilikuwa moja. Tukayaacha majibu yote manane ubaoni: 400, 500, 250, 400, 333, 667, 286, 500. Kisha tukatia wino maharage mengine mpaka yakafika 100, na kila kundi likachota 100. Safari hii jibu la chini lilikuwa 323 na la juu 500. Wanafunzi waliona wenyewe kwamba sampuli ikikua, majibu yanasogeleana. Mmoja akagundua kwamba jasho la viganja lilikuwa linafuta wino. Alama ikifutika, wenye alama wanaonekana wachache, na makadirio yanapanda juu ya ukweli. Hilo sikuwa nimelipanga, na lilifundisha kuliko maelezo yangu yote ya siku ile.

Baada ya hapo ndipo unaweza kuwawekea mezani takwimu za nyumbani. Sensa ya anga katika ikolojia ya Ruaha-Rungwa mwaka 2014 ilitoa makadirio ya tembo 8,272. Iliporudiwa mwaka 2015, ikatoa 15,836. Waulize wanafunzi: je, tembo walizaliana? Mimba ya tembo ni miezi 22, kwa hiyo haiwezekani idadi ikaribie kuongezeka maradufu ndani ya mwaka mmoja. Basi tofauti imetoka kwingine: wanyama wamehama, au bahati ya sampuli, au namna ya kuhesabu. Ndege ndogo hupita kwenye mistari, watazamaji wakihesabu walio ndani ya ukanda mwembamba kila upande. Tembo wanaotembea kwa makundi makubwa wanaweza kuangukia ndani ya ukanda au pembeni yake, na makadirio yakaruka.

Kisha waoneshe Selous, pori la akiba la kusini mwa Tanzania. Mwaka 2009 makadirio yalikuwa takribani tembo 39,000. Mwaka 2013, sensa iliyoongozwa na Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, TAWIRI, ilikuta takribani 13,000. Hapa hata ukiruhusu makosa makubwa pande zote mbili, namba hazikutani. Majangili walikuwa wamepita. Ninashikilia kwamba kijana aliyeyaona majibu manane ya maharage anaweza kuona tofauti kati ya Ruaha na Selous, na aliyekariri kanuni hawezi. Kwake yeye zote ni namba zilizobadilika. Atadanganywa kwa urahisi na anayesema wanyama wameisha, na vilevile na anayesema upungufu wa Selous ulikuwa kasoro ya kuhesabu tu. Kwa hiyo hofu ya wenzangu kuhusu imani naielewa, ila naona wameiweka mahali pasipo pake.

Maharage nayo yana mipaka, na hapa wanaonipinga wananibana vizuri. Maharage hayafi, hayahami, hayajifunzi. Mtafiti wa panya anajua kwamba panya aliyeonja chambo cha karanga bila kudhurika huweza kurudi kwenye mtego ule ule, na mwingine akishanaswa mara moja hausogelei tena. Wa kwanza anashusha makadirio, wa pili anayapandisha. Darasani huwezi kuonesha hilo kwa mfuko, na sitashauri shule yoyote ikamate panya, kwa sababu wanabeba magonjwa. Konokono wa bustani ya shule wanatosha. Doa dogo la rangi ya kucha kwenye gamba, unawaacha, unarudi baada ya siku mbili. Mvua ikinyesha katikati, wanatoka kwa wingi na hesabu inavurugika, na wanafunzi watalazimika kujieleza.

Alama pia si lazima iwe wino. Kenya, Januari 2016, mamia ya watu, wengi wao wananchi wa kawaida, walizunguka kaskazini ya nchi kwa siku mbili wakipiga picha punda milia wa Grevy. Michirizi ya kila punda milia ni yake peke yake, hivyo picha za siku ya kwanza zilikuwa ndiyo kutia alama, na za siku ya pili ndiyo kukamata tena. Makadirio yalikuwa punda milia 2,350, na hakuna mnyama aliyeguswa. Ni kanuni ile ile ya dakika tano.

Wanasayansi wenyewe hawajamaliza mabishano. Nyumbu wa Serengeti na Mara kwa miaka mingi wametajwa kuwa takribani milioni 1.3, kwa kutumia ndege. Mwaka 2025 ukachapishwa utafiti uliotumia picha za setilaiti na akili unde, ukapata chini ya 600,000. Mimi ningeipeleka habari hiyo darasani jinsi ilivyo. Mwalimu mwenzangu angesubiri kwanza wakubaliane. Hapa nakiri kwamba darasa lisilopitia maharage lingetoka limechanganyikiwa, na mpangilio wa vipindi unataka uangalifu.

Kuhusu muda, maharage yalinichukua vipindi viwili, na nilivifidia kwa kupunguza kuandikisha dondoo. Swali la mtihani la namba tatu lilipokuja kwenye jaribio la mwezi, hawakufanya vibaya kuliko darasa la mwaka uliotangulia.

Yule kijana wa Idodi alirudi kwenye swali lake wiki iliyofuata. Alikuwa amechora ramani ya kijiji chao kwenye daftari, na shamba la mama yake akalizungushia duara. "Kwa hiyo shamba letu ni kama mchoto mmoja," alisema. "Ndege ingepita asubuhi ile ingeona tembo 11. Kesho yake ingeona sifuri." Nikamwambia ndiyo. Akauliza, "Sasa wanajuaje ipite siku gani?" Kipindi kilichofuata tulianzia hapo.