Sahani ya Jirani Hairudi Tupu

Ninaandika haya huku vidole vyangu vikinuka mvuje, ule utomvu wa harufu kali ambao kwetu hutafutwa mtoto akiumwa, kwa siku ya tano mfululizo, na tafadhali, ndugu msomaji, usiniulize mtoto anaumwa nini. Hakuna mtoto anayeumwa. Nilikuwa ninapika tambi za dengu, na mwanamume mtu mzima, mwenye ndoa, kazi na kitambulisho cha taifa, anayo haki ya kupika tambi za dengu nyumbani kwake bila kupewa pole na wapangaji wote wa jengo.

Chanzo cha yote ni sahani. Jumatatu ya tarehe 20 Oktoba 2025, usiku wa Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, mlango wangu hapa Upanga, Dar es Salaam, uligongwa, na mjukuu wa jirani yetu wa ghorofa ya tatu, ambaye jengo zima tunamwita Ba kama wajukuu zake wanavyomwita, akanikabidhi sahani ya stili iliyofunikwa kitambaa. Ndani mlikuwa na chevda yenye karanga, korosho na majani ya mchuzi yaliyokaangwa yakakauka kama karatasi, mlikuwa na chakri zilizojizungusha kama nyoka aliyelala, mlikuwa na tambi za dengu nyembamba kuliko nywele zangu zilizobaki, na pembeni mlikuwa na vipande vya barfi vinavyonukia iliki. Nilipokea kwa mikono miwili, nikashukuru, nikafunga mlango, kisha nikaona mke wangu anatazama juu ya kabati.

Juu ya kabati ilikuwapo sahani nyingine ya stili, pacha wa ile niliyoishika. Ilikuwa ni ya Diwali ya mwaka jana.

Kila aliyelelewa na mama anajua kwamba sahani ya jirani hairudi tupu, na kila mwenye mshahara kama wangu anajua jinsi sahani isiyorudi tupu inavyoweza kukaa juu ya kabati mwaka mzima ikisubiri tarehe nzuri. Mwezi wa Disemba tulikuwa na wageni, Januari kulikuwa na ada, Ramadhani tukasema tutaipeleka na sambusa, lakini sambusa zetu ni za nyama, na Ba tangu azaliwe hajaweka mdomoni nyama, samaki wala yai. Nikapendekeza keki. Mke wangu akaniuliza keki ya jengo gani hiyo isiyo na mayai, nami nikajiona nimeshiriki mjadala vya kutosha, na sahani ikarudi juu ya kabati.

Nilikuwa pia nimejipa moyo kwamba Diwali bado iko mbali. Sikukuu hii haina adabu ya Krismasi, ambayo inajulikana ilipo. Yenyewe hufuata mwezi, ila wakati sisi hugombana kila mwaka kama mwezi umeonekana, wao husherehekea usiku ambao mwezi hauonekani kabisa. Nilidhani jambo la kutoonekana haliwezi kuleta ubishi, lakini mwaka jana walibishana vilevile kama ni tarehe 31 Oktoba au tarehe 1 Novemba, na nilifarijika sana kujua kwamba tabu hii si yetu peke yetu. Basi siku mbili baada ya Diwali ya mwaka huu, Jumatano ya tarehe 22, Wagujarati, yaani watu wenye asili ya Gujarat huko India kama Ba, walikuwa wanaingia mwaka wao mpya wa 2082. Ndiyo, 2082. Wametutangulia kwa miaka 57, jambo ambalo naomba mwenye nyumba wangu asilisikie, kwa sababu atakuja kunidai kodi ya tofauti hiyo.

Mke wangu akatoa hukumu kwamba sahani zote mbili zitapanda ghorofa ya tatu siku hiyo ya Jumatano, zikiwa zimejaa, na kwamba kwa kuwa mimi ndiye niliyezila barfi zote mbili, mpishi ni mimi.

Jumanne asubuhi nilimvizia Ba kwenye ngazi, kwa kuwa lifti yetu ipo kama pambo. Watu wengi wa jengo huzungumza naye polepole na kwa sauti kubwa, wakidhani Kiswahili kinamsumbua, wakati mama huyu kazaliwa Mji Mkongwe wa Unguja na Kiswahili chake kinaweza kusomwa redioni.

“Shikamoo, Ba.”

“Marahaba, mwanangu. Hujambo?”

“Sijambo, Ba. Nimekwama tu, mafuta imepanda.”

“Mafuta yamepanda,” alinisahihisha kwa upole, kama mtu anayemfunga mtoto vifungo vya shati.

Nikamweleza kwa heshima kwamba ninataka kuwapikia kitu cha mwaka mpya, nikapendekeza kachori. Akafurahi, akasema kachori za mbaazi mbichi alizipenda tangu utoto. Mbaazi? Hapo ndipo nilipofahamishwa, katikati ya ngazi na mifuko mikononi, kwamba hizi tunazoziita kachori, yaani viazi vilivyopondwa vikaviringwa na kuchovywa kwenye unga wa dengu, kwao ni batata vada, na kwamba kachori yenyewe ni kitu cha unga chenye mbaazi ndani. Nimekula kachori kwa miaka arobaini bila kuila. Nikasema basi nitaleta hizo za viazi. Akasema yeye binafsi angezila kwa raha, ila amefikiwa na mgeni, mke wa mwanawe mkubwa, ambaye ametoka katika ukoo wa Kijaini, ile dini ya kale ya India isiyotaka kuua chochote chenye uhai, na Wajaini hawali kiazi.

“Karoti je, Ba?”

Karoti hawali. Kitunguu hawali, thomu hawali, na chochote ambacho ni lazima ukingʼoe ardhini ili ukile hawakili, kwa sababu ukingʼoa mzizi umeua mmea mzima pamoja na vijidudu vinavyoishi udongoni. Nilikubali kwamba hoja ina uzito, na papo hapo nikahisi mapishi yangu yote yananiondoka kichwani, kwa sababu mimi ninajua kupika kitu kimoja, nacho ni kukaanga kitunguu halafu kumwita mke wangu.

“Fanya tambi za dengu tu,” alisema Ba. “Unga wa dengu, chumvi, pilipili, manjano, mafuta, basi. Usisahau mvuje. Ndio unaokaa pahala pa kitunguu na thomu, na dengu bila mvuje zinajaza tumbo gesi.”

Hivyo ndivyo mimi, kwa hiari yangu na mchana kweupe, nilivyokwenda Kariakoo kununua mvuje.

Duka nililoingia ni la mzee mmoja wa viungo, mwenye kofia ya kiua, na ndani mlikuwa na wateja wanne, watatu wakiwa kina mama. Nikasalimia, nikaitikiwa vizuri, nikasema, “Mzee wangu, naomba mvuje.”

Mzee akaacha kupima karafuu. Akaniinamia, akashusha sauti.

“Ana umri gani?”

“Nani, mzee?”

“Mtoto.”

Nikasema hakuna mtoto. Akatikisa kichwa kwa huruma, akasema basi ni mama mtoto, na kwamba kama ni mjamzito nisichezee mvuje kabla ya kuuliza kwanza. Nikasema mke wangu si mjamzito na ni mzima wa afya, mvuje ni wangu mimi mwenyewe, na ninataka kuula.

Naomba kila mwenye akili akae mbali na sentensi hiyo. Mama aliyekuwa nyuma yangu alimvuta binti yake karibu. Mwingine akasema, si kwa kunongʼona bali kwa sauti ya kutangaza msiba, “Masikini, na anavyoonekana mtu wa ofisini.”

“Umeanza lini kuutamani?” aliuliza mzee.

“Sijautamani. Nimeagizwa.”

“Na nani?”

“Na bibi mmoja wa ghorofa ya tatu. Ana mgeni asiyekula nyama, wala samaki, wala mayai.”

Mzee akawatazama kina mama, kina mama wakamtazama mzee.

“Na kitunguu?” aliuliza taratibu.

“Kitunguu hali kabisa. Thomu hali. Kiazi na karoti hali, wala kitu chochote kilichotoka chini ya ardhi. Amekuja kwa ajili ya sikukuu, na ni lazima apewe kesho, kwenye sahani yake.”

“Subhanallah,” alisema mama wa msiba. “Mpaka sahani yake.”

“Huyo si wa kawaida,” alitamka mzee, akiwa sasa anazungumza na hadhira yote na mimi nikiwa kielelezo. “Huyo ni ruhani. Hawa majini wengine hula chochote, wape damu watakunywa. Ruhani ndio wasafi, ndio wenye masharti.” Kisha akanigeukia na kuniuliza, kwa adabu ambayo sijawahi kuipata katika ofisi yoyote ya umma, kama mgeni huyo akija hupenda mavazi meupe. Nami, kwa kuwa nilikuwa nimemwona kwenye ngazi siku hiyohiyo na sikufundishwa kusema uongo, nikajibu kwamba ndiyo, alikuwa amevaa nyeupe.

Sitaeleza yaliyofuata kwa urefu. Itoshe kusema kwamba nilieleza habari za Wagujarati, za Diwali na za mwaka 2082, na kwamba mwaka 2082 haukunisaidia hata kidogo. Nilitoka pale na kipande cha mvuje halisi, utomvu mgumu wa kahawia kutoka nchi za Uajemi na Afghanistan, kwa maana mzee aliniapia kwamba ule wa kopo umechanganywa na unga wa ngano na kwa hali yangu hautafaa. Alinizidishia na ubani. Pesa ya ubani alikataa. Ni nyumbani tu ndipo nilipogundua kwamba utomvu wenyewe hugemwa kwenye mzizi, na nikaamua kwamba kama Wajaini wenyewe wanaukubali, mimi si mtu wa kuanzisha malumbano ya dini za watu.

Kuhusu upishi nitasema machache, kwa sababu upishi wenyewe ulikuwa ni aibu fupi. Umeme ulikatika wakati nimekwisha kukanda. Mashine ya tambi, ile ya kuzungusha mkono, tuliazima kwa shemeji, na shemeji alituazima bila kutuambia kwamba mpini unateleza. Ukiweka mafuta kidogo kwenye unga, tambi hutoka ngumu kama njiti za kiberiti; ukiyazidisha, husambaratika zikiingia kwenye karai. Nilipata aina zote mbili katika unga uleule. Mvuje niliutia karibu kipande chote, kwa kuwa hakuna aliyeniambia kwamba kiasi chake ni punje, na harufu ikapanda ngazi, ikashuka ngazi, ikaingia kwenye mashuka.

Mkupuo wa kwanza uliungua ukawa mweusi. Mke wangu, ambaye alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni kwa ajili ya kutazama, alikumbusha kwamba siku moja kabla ya Diwali Ba hukaanga vada na kuzipeleka njia panda ili ugomvi utoke nyumbani, akashauri kwamba hizi zangu nazo niziharakishe njia panda kabla ugomvi haujaingia. Nikamjibu kwa hadhi. Kisha mafuta yakanirukia mkononi, na hadhi ikaishia hapo, nikasema maneno ambayo sikukuu yoyote haiyataki, nikauliza kwa nini katika nchi yenye bahari binadamu hawezi kurudisha sahani na samaki wawili wa kukaanga mambo yakaisha.

Jumatano jioni nilipanda na sahani zangu mbili. Ba alinipokea kwa “Sal Mubarak”, salamu yao ya mwaka mpya, nami nikaitikia vizuri, kwa maana mubarak naijua. Akachukua utambi mmoja, akautafuna. Akatafuna tena. Mgeni, akiwa na mavazi meupe, alionja naye, na macho yake yakalowa kidogo.

“Umepika mwenyewe?” aliuliza Ba.

“Ndiyo, Ba.”

“Mvuje umetia.”

“Nimeutia, Ba.”

Hakusema zaidi. Alinitazama mkono uliofungwa kitambaa, akaingia jikoni, akatoka na bakuli la kichri, ule wali wa choroko uliolainika mpaka haudai meno, ukiwa umemiminiwa samli, na juu ya bakuli kisahani cha mchuzi wa maziwa ya mgando na unga wa dengu. Akasema hicho ndicho chakula cha mtu aliyechoka, niende nikale kikiwa na moto. Nilikila nikiwa nimesimama jikoni kwangu gizani, na ninakiri kwamba kwa muda wa bakuli moja sikuwa na lalamiko lolote, mpaka mke wangu aliponimulika na simu, akalitazama bakuli, akakitazama kisahani, kisha akatazama juu ya kabati.

Nilikuwa bado sijapata jibu pale mlango ulipogongwa tena. Alikuwa ni mama wa ghorofa ya chini, tena amejitanda kanga kabisa, amekuja kumpa pole mtoto. Nikamwambia hakuna mtoto. Akasema anaelewa, mambo haya hayatangazwi, ila kwa kuwa harufu inaonyesha tunao wa kutosha, yeye anaomba kipande, mjukuu wake halali usiku. Nilichoka kueleza. Nikamkatia mvuje uliobaki kwenye karatasi ya mzee, nikauweka kwenye kisosi cha seti yetu ya harusi, chenye ua la bluu, nikampa na ubani.

Leo ni Jumapili, siku ya nne tangu Jumatano ile. Mjukuu nimesikia analala vizuri. Kisosi changu hakijarudi.