Lamu haikosi masafa, inakosa minara

Panda darini mtaani Mkomani, Lamu, jioni, ufungue orodha ya Wi-Fi kwenye simu. Majina yanamiminika: nyumba za wageni, maduka, jirani wa mtaa wa tatu. Shuka ukae nyuma ya ukuta wa mawe ya matumbawe, unene wake dhiraa nzima, yanabaki mawili, pengine moja.

Watu huzilaumu kuta hizi. Mimi nazitetea kidogo. Wi-Fi ya gigahezi 2.4 ina chaneli tatu tu zisizogongana: 1, 6 na 11. Kule juu rauta zote zinagombea hizo tatu, kila moja ikingoja mwenzake anyamaze ndipo iseme. Chini, ukuta umezitenga. Chaneli ileile inatumika nyumba mbili na hakuna anayemuudhi mwenzake. Mitandao ya simu nayo ilijengwa hivyo: masafa yaleyale ya redio hurudiwa mbele kidogo, mradi minara isisikizane.

Wahandisi wanasema hilo halitoshi tena. Masafa hayaongezeki, watumiaji wanaongezeka, kwa hiyo lazima yakamuliwe. Ndiyo maana siku hizi 4G na 5G hupokezana masafa yaleyale ndani ya milisekunde, na Wi-Fi 6 hupakia hadi biti 10 za data katika kila pigo la mawimbi. Hoja nzito. Siku za Maulidi, watu wamefurika Msikiti wa Riyadha na kila mmoja anatuma video, mtandao wa kizamani ungezimia.

Lakini biti 10 zinataka mawimbi safi kabisa. Ukienda mbali na mnara, mitambo hujishusha yenyewe hadi biti 2, kwa hiyo mvuvi aliyetoka nje ya Kiunga haonji utamu wa ukamuaji huo. Na huko kwake hakuna msongamano hata kidogo! Leseni inahusu nchi nzima, masafa yana mwenyewe, ila yamelala. Kinachokosekana ni mnara, umeme wake, na fundi atakayevuka na kipuri kwa boti.

Kwa hiyo wako wanaodai masafa yaliyolala yatumiwe na wengine, hasa nafasi kati ya chaneli za televisheni, ambazo mawimbi yake hufika mbali. Mamlaka ya Mawasiliano iliweka utaratibu wa mitandao inayoendeshwa na jamii zenyewe mwaka 2021. Kampuni nazo hujibu: sisi tumelipia, na ushirika bila mwamuzi huzaa kelele. Kweli. Hata mwamuzi ana kichekesho chake: ni hifadhidata, na kifaa huiuliza kwanza ni chaneli gani iko wazi, yaani kinahitaji intaneti ndipo kikuletee intaneti. Hata hivyo, hofu ya kelele naielewa Nairobi. Kisiwani Pate naiona ni kisingizio.

Ninaloliogopa zaidi ni haraka ya kuizima 2G, mtandao wa zamani wa kupiga simu na kutuma ujumbe, ili masafa yake ya megahezi 900 yaende kwa 4G. Kwa hesabu ya biti, ni sawa. Lakini nenda gatini Faza asubuhi, mzigo wa samaki ukipimwa. Muuzaji ameshika kabambe, simu ndogo isiyojua 4G, hawachii kamba ya boti mpaka ujumbe wa M-Pesa uingie.