Siku Nilipomwamuru Mwenye Nyumba Alipe Kodi

Nilipohamia Granada kwa masomo, nilikuwa na majivuno ya bure kuhusu Kihispania, kwa kuwa irabu zake ni tano kama zetu, na mtu wa Tanga anaweza kulisoma gazeti lao kwa sauti, asielewe hata neno moja, na bado wenyeji wakaridhika. Vijialama vinavyokaa juu ya baadhi ya irabu nilivichukulia kuwa nakshi, kama zile za milango ya Lamu: zinapendeza, lakini mlango hufunguka hata bila nakshi.

Jioni moja mama mwenye nyumba alinigongea, kandambili miguuni na aproni ikiwa bado na unga, akauliza habari za kodi. Nilikuwa nimekwisha kulipa benki, tena siku hiyohiyo nilikuwa nimeosha vyombo vya watu wote na kununua sabuni kwa fedha zangu. Nikasimama wima, nikasema polepole: "Señora, pague."

Akajigusa kifua. "¿Yo?" Yaani, mimi?

Nikadhani ameshangazwa na uaminifu wangu. "Sí, señora, pague," nikarudia kwa unyenyekevu, kisha nikamalizia: "Lave los platos. Compre jabón."

Alinitazama, akalitazama jiko, akanitazama tena. Akavua aproni taratibu, akanitundikia begani, akaenda zake.

Mwanafunzi wa chumba cha pili alikuwa amesikia yote. Alipomaliza kucheka, na hakumaliza upesi, alichukua bahasha kuukuu akaandika "pa-gué", mkazo mwishoni: nililipa. Chini yake akaandika "pa-gue", mkazo mwanzoni: lipa, tena kwa namna ya heshima anayoamriwa mtu mzima. Kwa hiyo nilikuwa nimemwambia mama wa watu, kwa adabu zote, alipe kodi, aoshe vyombo na akanunue sabuni.

Kosa lilitoka nyumbani. Sisi mkazo tunauweka silabi ya pili kutoka mwisho bila hata kufikiri, na neno la Kihispania linaloishia kwa irabu hukazwa palepale, isipokuwa pale alama inapokuambia kwamba hapa si kwenu. Isitoshe, kitenzi chetu humtaja mtendaji na wakati mapema, ni-li-lipa, hata ukikosea mkazo bado ni wewe uliyelipa. Wao vyote viwili wamevining'iniza kwenye irabu moja ya mwisho, na ukiilegeza, deni linamhamia unayezungumza naye. Nilitaka kubisha kwamba lugha ya watu wazima haiwezi kutegemea kitu chepesi kiasi hicho, nikakumbuka barabára ya magari na barábara ya mambo kwenda sawasawa, nikanyamaza.

Usiku ule nilijifunza kukaza irabu za mwisho mpaka jirani akapiga ukuta. Asubuhi niliikunja aproni vizuri, nikaweka risiti ya benki juu yake, nikaketi kumsubiri mwenyewe. Alipogonga, nilikusudia kumkaribisha kwa neno "entre", lakini mazoezi ya usiku yalikuwa yamenikaa kooni, nikapaza sauti kwa mkazo wote niliokuwa nao: "¡Entré!" Niliingia.

Nje kukawa kimya.

"Me alegro," akajibu kutoka upande wa pili wa mlango, yaani amefurahi kusikia hivyo. "¿Y yo?" Na mimi je?