Soma Lebo Kabla ya Kuchomeka Simu

Chini ya simu ya mezani iliyoidhinishwa kuuzwa Marekani tangu 2001 pana namba ndefu inayoanza na US na nukta mbili. Mafundi wengi huipita. Kwa maoni yangu, namba hiyo ina faida kwa fundi kuliko kijitabu kizima cha maelekezo.

Namba hiyo inatokana na Sehemu ya 68 ya kanuni za FCC, tume ya mawasiliano ya Marekani. Hadi 1968, kampuni ya simu ya AT&T ilikataza chombo chochote cha nje kwenye waya zake. Uamuzi wa FCC wa mwaka huo kuhusu chombo kiitwacho Carterfone ukavunja katazo hilo, na katikati ya miaka ya 1970 zikaja kanuni zinazosema: chomeka chochote, mradi kisidhuru mtandao. Madhara yametajwa manne: kumpiga shoti mfanyakazi wa kampuni ya simu, kuharibu mitambo yake, kuvuruga hesabu za malipo, na kuharibu huduma ya wateja wengine. Ubora wa sauti ya simu yako, kwa sehemu kubwa, ni juu yako. Mpaka huo naona umechorwa vizuri sana.

Neno FCC likiwa peke yake kwenye chombo halitoshi. Mara nyingi linahusu Sehemu ya 15, yaani mwingiliano wa mawimbi ya redio, ambayo haisemi lolote juu ya waya wa simu.

Rudi kwenye namba. Baada ya US na nukta mbili, hesabu alama tano, kisha soma tarakimu mbili zinazofuata. Hizo ndizo REN, mzigo ambao chombo kinautwika umeme unaoiliza simu. 03 maana yake ni 0.3, na 10 ni 1.0. Lebo za kabla ya 2001 huandika REN kando. Jumlisha REN za vyombo vyote vya laini moja. Kwa kawaida jumla isizidi 5. Simu tano za zamani zenye kengele ya chuma zinaweza kuimaliza nafasi yote, ilhali simu kumi za kielektroniki za 0.1 zinachukua 1 tu. Kuhesabu simu badala ya REN ndilo kosa kubwa. Mzigo ukizidi, utapiga na kuongea bila shida, lakini simu ikipigwa mlio unafifia au haupo kabisa.

Siku hizi hesabu hii ina uzito zaidi, kwa kuwa nyumba nyingi zimehama waya wa shaba na simu inachomekwa kwenye adapta ya intaneti. Adapta ndiyo inayozalisha umeme wa mlio, na baadhi hubeba REN 3 tu. Kabla ya kuichomeka kwenye soketi ya ukutani ili ilishe simu za nyumba nzima, tenganisha kwanza waya wa kampuni unaoingia nyumbani. Ukiuacha, volti 48 za kampuni zitakutana na umeme wa adapta, na adapta inaweza kuungua.

King'ora cha wezi kinachopiga simu kutoa taarifa kina soketi yake, RJ31X, yenye pini nane. Laini inaingia kwa pini ya 4 na 5, na simu za nyumbani zinapata laini kupitia 1 na 8. Hivyo king'ora kikitaka kupiga simu, kinazikata simu zote kwanza. Adapta ikichomekwa upande wa simu, nyuma ya soketi hiyo, uwezo huo unapotea: mwizi akiinua mkono wa simu tu, king'ora hakipati laini. Adapta ilishe soketi hiyo kutoka mbele, na king'ora kijaribiwe huku simu moja imeinuliwa.

Laini ikionekana inatumika hata simu zikiwa zimewekwa chini, chomoa vyombo kimoja kimoja. Chombo kisichotumika kinatakiwa kiwe na ukinzani wa zaidi ya megaohm 5 hadi volti 100. Mita ya kawaida hupima kwa volti chache tu, kwa hiyo inaweza kukuonyesha kuwa chombo ni kizima ilhali kinavuja kikipata volti 48. Pima volti kwenye laini yenyewe: zikipanda kutoka 10 hadi karibu 48 ulipochomoa chombo fulani, umempata mkosaji.

Kwa anayesafirisha simu hizi kuja Kenya au Tanzania, lebo ya Marekani haichukui nafasi ya idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya au ya TCRA.