Tambara la Baba Mkwe

Mimi hapa Dublin kila Jumapili nala viazi vilivyopoa. Si kwamba mama mkwe hajui kupika, la hasha. Kuku wa kuoka yuko mezani, mchuzi unafuka moshi, mate yamenijaa. Ila hakuna wa kunisogezea bakuli, maana baba mkwe na shemeji wameshaanza mambo yao ya U2, bendi ya roki ya hapa hapa Dublin.

Kwa baba mkwe, muziki ulikoma 1987. Aliwaona uwanja wa Croke Park, watu wanne na vyombo vyao, basi. "Sauti tu!" anagonga meza, viazi vyangu vinaruka. Shemeji hataki kusikia. Yeye ni wa ziara ya Zoo TV, 1992 na 1993: vigari vya Trabant vimening'inizwa kuwa taa, runinga kila upande, na Bono, mwimbaji wao, katikati ya shoo anapiga simu Ikulu ya Marekani kumtaka rais, asiunganishwe. Nikinyoosha mkono nichukue chumvi, naulizwa, "Wewe unasemaje?"

Niseme nini? 1993 nilikuwa Tanga namchunga mdogo wangu asile udongo.

Wakifika 1997 ndiyo balaa. Ziara ya PopMart walikuja na limau la vioo, mita 12 kwenda juu, wanatoka ndani yake kama vifaranga. Oslo likagoma kufunguka, wenyewe wamo humo humo. Baba mkwe hulisimulia hilo kwa raha zote, utadhani ufunguo alificha yeye. Shemeji anakimbilia ziara ya 360°, 2009 hadi 2011, lile jukwaa la miguu minne, mita 50, tiketi zaidi ya milioni saba. "Buibui lile!" "Ni Kucha, baba!" Watu wazima, wanagombea jina la vyuma.

Wakigusa shoo za Las Vegas za 2023, ambako Larry Mullen Jr., mpiga dramu wao, hakupiga, wote wawili wanasikitika kidogo. Hapo ndipo huwa nanyakua paja.

Nisiwacheke sana. Mjomba wangu kule Dar, ukimwambia bendi yake ya Sikinde ni ile ile, unalala na njaa. Ukimsifia wapinzani wao Msondo, unalala nje.

Sasa Jumapili iliyopita mchuzi ukamwagika. Nikaona tambara kwenye mgongo wa kiti, limepauka, lina matundu, nikafuta meza vizuri kabisa, mkwe mwenye adabu. Kimya. Mke wangu akanikanyaga mguu. Nikalikunjua: fulana. Mgongoni miji imepangwa na tarehe zake, zote za 1987, na Dublin imezama kwenye mchuzi.

Shemeji akasema, "Angalau sasa ina rangi."

Baba mkwe hakusema neno. Jana mama mkwe kapiga simu, sauti ya chini kama anaiba: Jumapili hii karibu sana, mwanangu, ila uje umekula.