Jicho la Tai Lahamia Kwenye Kona

Hoki ya barafuni ilikwisha saa nne usiku, na kesho yake mchana ukumbi uleule ulitakiwa uwe wa mpira wa kikapu. Barafu haiyeyushwi. Ina unene wa sentimita tatu hivi, lakini kuigandisha upya ni shughuli nzito, kwa hiyo hufunikwa kwa mbao za kuzuia baridi, kisha juu yake tunatandika sakafu ya mepo, mbao ngumu za kuchezea kikapu: vipande zaidi ya 200, kila kimoja mita 1.2 kwa 2.4, watu wawili wakibeba huku wanaguna.

Kila kipande kina namba kwa chini. Aliyeruhusu 66 na 99 kwenye sakafu moja, bila hata kistari cha kuzitofautisha, Mungu anamjua. Vinashuka kwenye kitoroli vimesimama wima, na anayesoma kichwa chini miguu juu anasoma anachokiona. Vipimo ni vilevile, pini zinaingia kwa raha zao. Saa tisa usiku, mgongo umepinda, unaona mbao tu, mchoro huuoni.

Aliyeuona ni fundi wa taa, huko juu kwenye vyuma vya paa. Redio ikakoroma: “Jamani, tai wenu kapofuka?”

Kweli. Tai aliyechorwa katikati ya uwanja alikuwa na kipande cha mstari wa pointi tatu usoni, kama kovu la panga. Jicho lake lilikuwa kule karibu na kona, limemkodolea yeyote atakayethubutu kurusha.

Ungedhani unachomoa viwili, unabadilisha, basi. Thubutu! Viungo vya safu vimepishana, na kila kipande kimebanwa na jirani zake kwa pini. Cha katikati ukikitaka, unaanza kubomoa kutoka ukingoni, safu baada ya safu. Na tulikuwa tumeanzia katikati, kwa kufuata uzi wa kunyooshea.

Tukabomoa. Geti la mizigo likafunguliwa ili vitoroli vipite, hewa ya joto yenye unyevu ikaingia, ikakutana na mbao zilizopoa kwa barafu, sakafu ikatoka jasho. Si jambo la mzaha: mwaka 2016 huko Philadelphia, mechi ya kikapu ya NBA, 76ers na Sacramento Kings, iliahirishwa kwa unyevu wa namna hiyo.

Msimamizi akaja mbio kupiga kelele geti lifungwe. Akateleza, akaketi kitako juu ya kipande kilichogeuzwa.

“Nimekalia namba ngapi?”

“Inategemea mzee umeelekea wapi.”